Kabla Kodi ya Miezi Sita Haijatoka Mfukoni

Dalali wa Dar es Salaam ana maswali mawili tu: bajeti ni shilingi ngapi, na unataka maeneo gani. Mteja naye huwa na yake mawili: maji yapo, umeme upo? Basi wanapanda bodaboda, chumba kinafunguliwa, dirisha linajaribiwa, ukuta unagongwagongwa, na kabla jua halijazama kodi ya miezi sita imeshahesabiwa pamoja na ya mwezi mmoja ya dalali. Mambo yatakayomkosesha usingizi mpangaji huyo hayakuulizwa na yeyote. Mita ya umeme inahudumia vyumba vingapi? Choo kinajaa baada ya muda gani, na nani hulipa gari la majitaka? Jirani wa ukuta wa kushoto anatoka kazini saa ngapi? Na nyumba yenyewe ni ya nani hasa, kati ya ndugu watano walioirithi?

Nyumba ya kupanga huendeshwa na makubaliano madogomadogo. Mengi hayajaandikwa popote, na mgeni huyakuta yameshakauka kama saruji. Anayeyauliza mapema hupanga kwa amani. Anayeyagundua kwa kuyavunja huwa ndiye "yule wa chumba cha mwisho" ambaye jina lake halitajwi bila kuguna.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya maisha yao ya pamoja ilianzia katika aina moja ya nyumba. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na Waafrika ng'ambo ya kiwanja cha Mnazi Mmoja, Kariakoo. Baada ya Vita Kuu ya Pili vikaja vitongoji vya Magomeni na Temeke. Huko kote ilijengwa nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba kuume na kushoto, baraza mbele, ua nyuma wenye jiko, bafu na choo. Ni nyumba iliyozaliwa tayari kwa wapangaji. Mwenye nyumba Mzaramo alikaa chumba cha mbele, vingine akampa Mmanyema, Mnyamwezi, Myao, na dukani pembeni palikuwa na Mshihiri. Leo katika nyumba hiyohiyo anaweza kukaa mwanafunzi kutoka Bukoba, fundi simu wa Kikinga anayefanya kazi Kariakoo, na muuguzi wa Muhimbili, na wote watatu wanasubiriana asubuhi kwenye mlango mmoja wa bafu.

Jambo la kwanza kuulizwa, basi, ni mwenye nyumba. Katika mitaa ya zamani ya Kariakoo, Ilala na Magomeni, nyumba nyingi ni za urithi. Mzee aliyejenga alifariki, watoto wametawanyika, mmoja amebaki akikusanya kodi. Huyo aliyebaki ana tabasamu zuri na funguo zote, lakini funguo si uthibitisho wa lolote. Mpangaji anayelipa miezi sita kwake anaweza kushtukia mwezi wa pili dada mtu ametoka Tanga na karatasi, akisema kodi hiyo haitambui na nyumba inauzwa. Kinga yake ni swali moja lenye adabu: "Mama, shikamoo. Nyumba hii msimamizi wake ni nani?" Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama na hupewa barua. Ikiwa barua ipo, jina lililo kwenye barua ndilo linalopaswa kuwa kwenye mkataba na kwenye risiti. Ikiwa haipo, ni afadhali kulipa miezi mitatu na kusikilizia kuliko kulipa mwaka mzima. Mtu atakayekasirishwa na swali hilo amempa mpangaji jibu tayari.

Jirani wa nyumba ya pili ni chanzo kizuri zaidi cha habari kuliko dalali. Dalali hulipwa chumba kikichukuliwa. Jirani halipwi, na mara nyingi ana hamu ya kusema. Kununua vitumbua au soda kwenye genge lililo karibu na kukaa robo saa kumewaokoa wengi. Genge linajua wapangaji watatu waliopita walihama kwa nini.

Kuhusu mkataba, watu hudhani karatasi ni kwa ajili ya nyumba kubwa za geti. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, hata kama umekubaliwa kwa mdomo. Lakini maneno ya mdomo hayana tarehe wala kiasi pale watu wanapogombana. Karatasi moja ya daftari inatosha: majina kamili, namba ya chumba, kodi kwa mwezi, kipindi kilicholipiwa na tarehe kinapoisha, muda wa notisi kwa kila upande, na sahihi za shahidi mmoja mmoja. Mkataba hutakiwa kulipiwa ushuru wa stempu TRA, ambao ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi, ushuru huo ni shilingi 9,600. Wengi huona hizo ni hela za kutupa, mpaka karatasi yao inapokataliwa kama ushahidi kwa sababu haina stempu.

Tangu sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilipofutwa mwaka 2005, hakuna ofisi inayopanga chumba kilipiwe shilingi ngapi. Kiwango ni mapatano, na ndiyo maana kupandishwa kwa kodi nako kunafaa kuandikwa: kwamba haitapanda ndani ya kipindi kilicholipiwa, na kwamba ikipanda mpangaji ataambiwa walau miezi miwili kabla. Malipo ya miezi sita kwa mkupuo yamelalamikiwa miaka na miaka, na bado ndiyo desturi. Hata hivyo, soko halibani sawasawa kila mahali. Chumba kilichokaa wazi miezi miwili kina mwenye nyumba anayesikiliza. Miezi mitatu kwa mkupuo si ombi la ajabu kwake, hasa likija na mtu anayejulikana kazini.

Sasa umeme, ambao umevunja urafiki mwingi kuliko mapenzi. Mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa nyumba nzima ndiyo hali ya kawaida uswahilini. Watu hugombana kuhusu nani ana pasi na nani ana friji, wakati sehemu kubwa ya maumivu yao inatoka kwenye kiwango cha bei. TANESCO ina kundi la watumiaji wadogo wa nyumbani, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, kama shilingi 122 zikijumlishwa. Anayezidi huhamia kundi la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni takriban shilingi 357. Chukua nyumba ya vyumba sita, kila kimoja kikitumia uniti 30 tu: taa, feni, simu, televisheni ndogo. Mita yao inasoma 180, hivyo wote wanalipa bei ya juu, na mgao wa kila chumba ni karibu shilingi 10,700. Kila chumba kingekuwa na mita yake, uniti hizohizo 30 zingegharimu shilingi 3,660. Tofauti ni zaidi ya shilingi 7,000 kwa mwezi kwa kila mlango, na hakuna aliyeiba chochote.

Kwa hiyo anayetafuta chumba akiona nyumba mbili zinazofanana, yenye mita kwa kila mpangaji ina thamani zaidi hata kodi yake ikiwa juu kwa elfu tano. Kuunganishiwa mita mpya mjini ni zaidi ya shilingi 300,000 na kunahitaji ridhaa ya mwenye nyumba. Wapo waliokubaliana naye gharama hiyo ikatwe kwenye kodi, kwa maandishi. Pasipowezekana, submita ya ndani kwa kila chumba, inayofungwa na fundi, haishushi bei ya uniti lakini inamaliza ubishi wa nani katumia nini. Na pasipokuwa na submita, nyumba ikubaliane kwa vyombo badala ya vichwa. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti moja. Jiko la umeme la wati 2,000 linakula mbili kwa muda huohuo. Mwenye taa na simu tu halipi sawa na mwenye friji, na mwenye friji halipi sawa na anayeuza barafu.

Kuna pia ile kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 hukusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, na mwaka 2023 ikawa 1,500 na 7,500. Anayenunua umeme wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayekatwa. Katika nyumba za kupokezana kununua utaona watu wazima wanavumilia giza tarehe moja jioni, kila mmoja akimngoja mwenzake. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo. Risiti za LUKU zitunzwe, zijumlishwe, zipunguzwe kwenye kodi ya chumba inayofuata. Ni shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya chini, na kuzidai si uchoyo.

Maji yana hadithi fupi zaidi. Swali "maji yapo?" halitoshi, kwa sababu jibu huwa "yapo" hata kama yapo Jumanne usiku. La kuuliza ni yanatoka siku gani, kuna tanki la lita ngapi, na yakikatika watu huchota wapi kwa shilingi ngapi kwa dumu. Wakazi waliopitia mgao wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua kwa ukame, wanajua tofauti kati ya nyumba yenye tanki na nyumba yenye ahadi. Maji ya kisima nayo yaonjwe. Maeneo mengi ya jiji yana chumvi inayokataa sabuni na kuua birika la umeme kabla ya mwaka.

Mvua ndiyo inayosema ukweli wote kuhusu nyumba, ila watu wengi hupanga wakati wa kiangazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa wakazi wa bonde la Msimbazi, Jangwani na kandokando, na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Chumba kilicho bondeni huwa nafuu, na unafuu huo una sababu. Anayekagua atazame ukuta wa nje usawa wa goti kama una mstari wa kahawia. Atazame vizingiti: kizingiti cha tofali mbili mlangoni hakikuwekwa kwa urembo. Atazame kama vitanda vya majirani vimepandishwa juu ya matofali. Kisha aulize kuhusu choo. Wapo wanaongoja mvua kubwa ili kutapisha shimo mtaroni, kuokoa gharama ya gari la majitaka, na uchafu huo huingia kwenye visima na nyumba za walio chini. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea kwenye mazingira ya namna hiyo. Nyumba yenye utaratibu wa kuchangia gari la majitaka, kila chumba kiasi fulani kila mwezi kwa mtu mmoja anayeaminika, ni nyumba ya watu wanaojiheshimu, hata kama rangi yake imebanduka.

Baada ya vitu huja watu.

Uani ndipo panapoamuliwa kama mpangaji mpya atakaa au atahama. Kamba ya kuanika ina mwenyewe Jumamosi. Kona ile ya kivuli ni ya jiko la mama wa chumba cha tatu tangu mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo sasa yuko sekondari. Zamu ya kufagia na kuosha choo huzunguka, na asiyeweza kwa sababu ya kazi hulipa mtu, hanyamazi. Mgeni mwenye busara hupita kila mlango jioni ya kwanza: jina, anatoka wapi, anafanya kazi gani, shikamoo kwa kila aliyemzidi umri. Dakika ishirini hizo hununua uvumilivu wa miezi. Kijana anayepita na visikizio masikioni bila salamu atashangaa nguo zake kuachwa zilowe na mvua wakati za wenzake zimeanuliwa. Hakuna aliyemchukia, hakuna tu aliyejua ni za nani.

Imani tofauti ndani ya korido moja hazijawahi kuwa tatizo kubwa Dar es Salaam kama wageni wanavyohofu, lakini zina adabu zake. Kama mwenye nyumba hataki kitimoto ipikwe uani au pombe iletwe ndani, hayo ni masharti ya nyumba na huulizwa kabla ya kulipa, si kugunduliwa siku ya Krismasi. Mwezi wa Ramadhani asiyefunga hupika bila tatizo, ila hachomi samaki mbele ya waliofunga saa kumi alasiri kama ana mahali pengine pa kuchomea. Anayeamka daku hupunguza makelele ya sufuria. Mwenye ibada ya nyumbani ya jumuiya humwambia jirani mapema, na jirani huyo huenda akaleta viti. Watoto ndio mabalozi wa mambo haya: sahani ya pilau ya Idi huenda kwa kila mlango, na ya Krismasi hurudi vilevile. Mpangaji aliyepokea sahani asiirudishe tupu. Maandazi mawili yanatosha.

Utani nao ni nyenzo, na wageni wengi wa siku hizi hawajui kuutumia. Wazaramo na Wanyamwezi, Wachaga na Wapare, Wagogo na Wahehe: watu wa jozi hizi wana ruhusa ya kale ya kutaniana hata msibani, ambako mtani anaweza kulala mbele ya jeneza akidai ujira kabla halijatoka. Kero nyingi za nyumba ya kupanga husemeka kwa utani bila kuumiza. Mtani akimwambia mtani wake kwamba redio yake inaamsha wafu wa Kinondoni, redio hupunguzwa na wote wakacheka. Asiye na mtani ndani ya nyumba anaweza kutumia mpira, kwani makao ya Simba Mtaa wa Msimbazi na ya Yanga kule Jangwani yametenganishwa na mwendo mfupi tu wa miguu, na utani wao umeenea nchi nzima. Lakini utani una mipaka. Haugusi dini ya mtu, wala kodi yake aliyoshindwa kulipa.

Kelele zinazovuka utani ni jambo jingine. Kigodoro cha mtaa huanza jioni na hutaka kumalizika alfajiri, na mkesha wa kanisa lenye spika barabarani hauna tofauti kubwa kwa mtoto mchanga wa jirani. Tangu 2015 nchi ina kanuni za viwango vya kelele chini ya baraza la mazingira, NEMC. Shughuli yenye muziki barabarani huombewa kibali, na kibali huwa na saa ya mwisho. Njia yenye matunda ni kumfuata mwenye shughuli mchana kabla haijaanza, na kumuuliza atazima saa ngapi. Akishataja saa mbele ya watu, ni vigumu kuivuka bila aibu. Anayesubiri saa tisa usiku ndipo atoke na taulo kiunoni kugombana, kwa kawaida hurudi ndani bila ushindi.

Ofisi ya serikali ya mtaa ndiyo mlango wa mpangaji wa kuingilia jijini, na ajabu ni kwamba wengi huijua siku wanapokwama. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi, na uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa, na ndiye hutunza daftari la wakazi. Barua ya utambulisho ya kitambulisho cha NIDA, ya benki, ya kumdhamini ndugu polisi au mahakamani, zote hutoka hapo. Kuna mkanganyiko wa miaka mingi kuhusu mjumbe wa nyumba kumi. Huyo, au balozi kama anavyoitwa pia, ni kiongozi wa chama tangu enzi za chama kimoja, na mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 hakugeuka kuwa ofisa wa serikali. Anafahamu kila mlango na ni vyema kumsalimia, lakini asiyeshabikia chama chake hana haja ya kuogopa kwamba bila yeye hatapata huduma. Anaweza kwenda kwa mtendaji moja kwa moja. Mchango wowote unaodaiwa kwa jina la mtaa, uwe wa taka au wa ulinzi shirikishi, udaiwe risiti. Wanaokusanya kwa haki huja nayo.

Mikutano ya mtaa huitwa, na wapangaji hawaendi, wakidhani ni ya wenye nyumba. Huko ndiko kunakoamuliwa gari la taka lipite siku gani na taa ya njia iwekwe wapi. Mpangaji ana sauti sawa na mwenye nyumba kwenye kiti kile cha plastiki.

Hakuna kitu kinachomweka mtu ndani ya mtaa kama msiba. Turubai likifungwa, kazi na vyeo husimama mlangoni. Mpangaji mpya asiyemjua marehemu bado anategemewa: atoe rambirambi yake iandikwe kwenye daftari, akae mkekani japo saa moja, na akiweza asaidie kubeba viti au kuchota maji. Daftari hilo husomwa, na siku yake ikifika litafunguliwa ukurasa wa nyuma. Kwa wageni waliohama mikoani, ambao ndugu zao wako kilomita elfu moja, hii ndiyo bima halisi, na hakuna kampuni inayoiuza. Harusi ni tofauti kidogo. Kadi za michango zimekuwa nyingi na si kila moja ni deni. Mtu anaweza kutoa kidogo alichonacho na kusema wazi kwamba ndicho alichonacho. Mchezo wa kina mama, ule wenye kijumbe anayekusanya kila wiki, uingiwe baada ya miezi kadhaa, mgeni akishajua kijumbe anakaa chumba gani na tangu lini. Si busara kumpa hela kijumbe ambaye mwenyewe yuko kwenye notisi.

Sehemu za jiji sasa zinapanda juu, na maisha haya yanapanda nayo. Kariakoo nyumba ya urithi hukabidhiwa mwekezaji kwa ubia: familia inatoa kiwanja, yeye anatoa ghorofa, wanagawana. Jengo lilipoporomoka Kariakoo asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, mji mzima ulijifunza kuuliza swali lisilokuwepo zamani: nani alikagua? Anayepanga ghorofani, akiona chini wanachimba au wanabomoa ukuta ili kupanua fremu ya duka huku watu wakiendelea kulala juu, asisubiri barua. Ahame kwanza, adai kodi baadaye. Magomeni Kota ni mfano wa upande mwingine. Kaya 644 zilizoondolewa katika kota za zamani zilikabidhiwa maghorofa mapya mwezi Machi 2022, na majirani waliozoea ua mmoja wakakutana na lifti na ngazi za pamoja, ambazo kila mtu huzitumia na hakuna anayezihesabu kuwa zake. Sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za jengo inataka wenye sehemu wawe na chombo chao cha kusimamia maeneo ya pamoja. Anayepanga ghorofani aulize kama chombo hicho kipo, kinakutana lini, na gharama ya huduma iko ndani ya kodi au nje. Kuku, mkaa na kinu vina maswali yao huko juu. Kutwanga kisamvu ghorofa ya nne saa moja usiku ni kumtwanga wa ghorofa ya tatu.

Ugomvi na mwenye nyumba ukishindikana kwa maneno na kwa mwenyekiti wa mtaa, njia inayofuata ni Baraza la Kata. Lina wajumbe wanne hadi wanane, watatu kati yao wanawake. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu za ardhi. Linasuluhisha, na lina siku 30. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mpangaji anayekwenda huko na mkataba wenye stempu, risiti za kodi na picha za chumba husikilizwa kwa namna nyingine kabisa na anayekwenda na kilio. Mwenye nyumba anayeng'oa mlango au kukata umeme ili mtu atoke kabla ya kipindi kilicholipiwa kuisha anajichukulia sheria mkononi, na picha ya mlango huo ipigwe siku hiyohiyo. Kwa upande wa pili, mpangaji aliyemaliza muda wake na kukaa bure miezi mitatu akidai "natafuta" asitegemee huruma ya mjumbe yeyote wa baraza.

Kuhama nako kuna taratibu zake. Notisi itolewe kwa maandishi kama mkataba unavyosema, hata kama mwenye nyumba ni mtu wa kunywa naye kahawa barazani. Submita isomwe mbele ya jirani na namba ziandikwe. Deni la choo na la taka lilipwe kwa aliyekuwa akikusanya, na kama mtu alikuwa kwenye mchezo na ameshapokea zamu yake, kijumbe aachiwe namba ya simu inayopatikana. Chumba kipigwe picha kikiwa kitupu, funguo zikabidhiwe kwa jina lililo kwenye mkataba. Kisha mpangaji apite kwa mtendaji achukue barua ya kuhama, kwa sababu mtendaji wa mtaa anakokwenda atamuuliza alikotoka, na barua hiyo humfupishia maelezo.